Kutoka Bahi Hata Sekenke kwa Kabureta Tatu

Msomaji mpenzi, kama umewahi kusafiri kwa basi kutoka Dodoma kwenda Mwanza, umekwisha pita nchi ya Singida, hata kama ulikuwa umesinzia. Uliona majabali makubwa yamepandana kama mizigo iliyofungwa na jitu. Uliona mashamba ya alizeti. Na kila basi liliposimama, watu walikuja mbio madirishani kukuuzia kuku, asali na vitunguu. Leo nakualika upite njia hiyo tena, lakini si kwa basi. Tutapita kwa motokaa ya mashindano ya zamani, fupi, ya viti viwili, yenye kabureta tatu.

Utauliza, kwa nini tupite Singida na motokaa ya namna hiyo? Kwa sababu nchi hii ni mwalimu mwema. Mtu akitaka kujua jinsi petroli inavyosafiri kutoka tangini hata ikafika ndani ya injini, njia hii itamfundisha yote: kwanza bonde lenye joto, kisha ukingo wa kupanda, kisha uwanda wa juu wenye hewa nyepesi na vumbi, na mwisho mlima wa Sekenke. Kila mahali pana swali lake, na fundi asiyejua jibu atalala njiani.

Tena usiseme, "Mimi ni mkulima, kabureta tatu zanihusu nini?" Pikipiki nyingi zinazowapeleka wagonjwa hospitali usiku kutoka vijijini zina kabureta moja moja, nazo zinatii sheria hizo hizo. Basi panda, ufunge mkanda, twende.

Motokaa yenyewe

Mwaka 1953 yalianza mashindano ya motokaa yaliyozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Yaliwekwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na baadaye yakajulikana duniani kote kwa jina la Safari. Yalikuwa magumu kweli kweli. Mwaka 1963 ziliondoka motokaa 84, zikafika saba tu. Mwaka 1968 ziliondoka 93, zikafika saba tena. Nchi yetu nayo ilipata sifa yake: Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, alishinda pamoja na Chris Rothwell mwaka 1966, wakarudia mwaka 1967, mara zote mbili kwa Peugeot 404.

Kisha ikaja motokaa nyingine kutoka Japani, Datsun 240Z. Mwaka 1971 ilishinda ikiendeshwa na Edgar Herrmann, akiongozwa njia na Hans Schüller. Mwaka 1973 ikashinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na mwenzake Lofty Drews. Hesabu ya mwaka ule ilikuwa ya ajabu: Mehta na Harry Källström walimaliza wakiwa sawa sawa kwa alama za makosa, ikabidi waamuzi watazame kanuni ndipo wampate mshindi. Tangu mwaka 2003 yako tena mashindano ya motokaa za zamani katika Afrika ya Mashariki, na mara kadhaa yamevuka mpaka na kuingia Tanzania. Hapo ndipo watu huziona tena motokaa za aina hii zikipita kwa kishindo.

Injini ya Datsun hiyo ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na ukubwa wake ni sentimita za ujazo 2,393. Ilitoka kiwandani na kabureta mbili. Lakini ndugu yake wa kule Japani, aitwaye Z432, alitoka mwaka 1969 akiwa na kabureta tatu tangu kiwandani. Jaguar E-Type ya mwaka 1961 nayo ilikuwa na tatu. Basi wapenda mbio wengi wenye 240Z huondoa zile mbili na kufunga tatu, kila moja ikiwa na koo mbili, hata kila silinda ikapata koo lake.

Kwa nini wafanye hivyo? Fikiri watoto sita wanaokula katika sahani moja ndefu. Aliye karibu na mchuzi hushiba, na aliye mwisho hulamba vidole. Ukiwapa kila mmoja bakuli lake, wote watashiba sawa na wote watalima sawa. Ndivyo injini inavyofanya kazi ikiwa kila silinda ina koo lake. Lakini kazi mpya huzaliwa hapo hapo. Sasa mama hana budi kuhakikisha kwamba kila bakuli limejazwa kwa wakati, kwa kipimo kimoja, na chakula kisicho na mchanga. Neno letu la leo ni hilo: si kabureta kufungwa, bali petroli kufikishwa.

Bahi, penye joto

Tumetoka Dodoma, tumeteremka Bahi. Hapa tumo chini ya Bonde la Ufa, mita zipatazo 830 tu juu ya usawa wa bahari, katika mbuga za mpunga. Mchana hapana upepo wa kutosha, na jua halina huruma. Motokaa yetu imesimama dakika kumi tununue maji ya kunywa. Tukitaka kuondoka, injini yakohoa, yashika kidogo, yafa. Pampu yasikika ikilia lakini petroli haifiki. Kumetokea nini?

Petroli si kama mafuta ya alizeti. Sehemu zake zilizo nyepesi huanza kugeuka mvuke hata kabla ya joto la maji ya kuoga. Motokaa ikisimama, feni na upepo wa mwendo havipo, na joto la injini hupanda juu na kulichemsha bomba la petroli. Ndani ya bomba hujaa mvuke. Pampu imetengenezwa kusukuma kitu cha majimaji, haiwezi kusukuma mvuke vizuri. Inajikaza bure, kama mtu anayenyonya uji kwa mrija uliotoboka.

Katika Datsun hii taabu ni kubwa zaidi, kwa maana kabureta zake ziko upande ule ule wa mabomba ya moshi, tena juu yake. Fundi mwenye akili hufanya mambo manne. Kwanza, huweka pampu ya umeme nyuma karibu na tangi, chini kuliko usawa wa petroli, kwa sababu pampu nyingi za namna hii hujua kusukuma kuliko kuvuta. Pili, hupitisha bomba mbali na bomba la moshi. Tatu, huweka bati la kukinga joto baina ya kabureta na mabomba ya moshi. Nne, huweka bomba la pili la kurudisha petroli tangini.

Hilo la nne watu wengi hulidharau, nalo lina faida kuu. Petroli ikiwa na njia ya kurudi, haikai kutwama mbele ya injini ikingoja kuchemka. Inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi, na kila ikipita inaondoka na joto na povu la mvuke. Ni kama maji ya mto na maji ya dimbwi. Maji ya mto hubaki baridi hata saa sita mchana.

Ukingo wa Manyoni, penye kupanda

Baada ya Bahi nchi hujiinua kama ukuta. Huu ndio ukingo wa Bonde la Ufa, na hata garimoshi la reli ya kati hulazimika kuupanda karibu na Saranda kabla halijafika Manyoni. Tukifika juu tumepanda mita zipatazo mia nne. Leo barabara ni lami nzuri, lakini mlima haukupunguzwa.

Hapa dreva akanyaga mafuta hata mwisho. Mwanzo motokaa yapanda kwa nguvu. Lakini baada ya nusu dakika inaanza kupungukiwa, hasa silinda za upande mmoja. Akiachia mafuta kidogo, inapona. Akikanyaga tena, inapona kwa muda, kisha inaugua vile vile.

Ugonjwa huu una dalili iliyo wazi. Kila kabureta ina kisima chake kidogo cha petroli. Ndani yake limo boya, kama boya la tangi la choo cha kuvuta au la mnywesho wa ng'ombe. Petroli ikijaa, boya huinuka na kuisukuma sindano iliyozibe mlango. Petroli ikipungua, boya hushuka na mlango hufunguka. Sasa dreva akikanyaga mafuta, injini hunywa kutoka katika kisima kile. Kama bomba halileti kwa upesi kama injini inavyokunywa, kisima hukauka. Ndiyo sababu mwanzo ilipanda vizuri: ilikuwa ikila akiba.

Inakunywa kiasi gani? Injini ya nguvu za farasi 200, ikikanyagwa hata mwisho, hutumia karibu lita moja kwa dakika. Ikiunguruma bila mwendo, hutumia kidogo mno. Basi fundi asibahatishe, bali apime. Achomoe mpira wa petroli mbele, autie katika chombo cha chuma chenye alama za lita, injini ikiwa baridi na pasipo moto wala sigara karibu, kisha aiwashe pampu kwa dakika moja kamili. Akipata lita moja na nusu au zaidi, pampu ni nzima. Akipata nusu lita, atafute kizuizi: chujio lililoziba, bomba lililopondwa na jiwe chini ya motokaa, au tundu la kuingizia hewa tangini lililozibwa na tope. Tangi lisilovuta hewa halitoi petroli, kama vile dumu lililofungwa lisivyomimina maji.

Hapa, msomaji, ndipo watu wengi wanapoharibu. Fundi mwenye haraka husema, "Petroli haitoshi, basi tufunge pampu kubwa zaidi." Huenda akachukua pampu ya motokaa za siku hizi, zile zisizo na kabureta. Pampu hiyo husukuma kwa pauni 40 na zaidi kwa kila inchi ya mraba. Kabureta zetu zataka pauni tatu tu! Tairi la motokaa ndogo lina pauni 28 au 30. Tunachohitaji ni sehemu ya kumi ya hiyo. Ukitaka kuona jinsi msukumo huo ulivyo mdogo, fikiri tangi la petroli limewekwa juu ya mti, mita tatu juu ya kabureta, nayo petroli inashuka kwa uzito wake yenyewe. Hizo ndizo pauni tatu. Hazizidi.

Ukileta pauni arobaini mbele ya kisindano kile chembamba, boya haliwezi kukishikilia. Mlango unafunguliwa kwa nguvu, kisima kinafurika, na petroli inamwagika juu ya mabomba ya moshi yanayowaka joto. Yule aliyetaka kuponya njaa amemzamisha mtoto katika uji.

Dawa yake ni kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Wingi wa petroli ni neno moja, na nguvu ya kusukumwa ni neno lingine. Wingi hupatikana kwa bomba pana la kutosha, kama milimita nane kwa ndani, kwa machujio safi, na kwa pampu nzima. Nguvu hupunguzwa kwa kifaa kidogo cha kudhibiti msukumo, kinachowekwa kabla ya kabureta, pamoja na geji ya kuonyesha pauni. Mto mpana unaokwenda pole pole huleta maji mengi kuliko mrija unaofoka.

Jambo la mwisho la mlima huu ni kugawanya. Kabureta tatu zisiungwe ovyo, moja ikinyang'anya ya pili na ya pili ikinyang'anya ya tatu kwa vimipira vyembamba. Huwekwa bomba moja pana lenye midomo mitatu iliyo sawa, na kutoka mwisho wake ndipo linapoanzia bomba la kurudi tangini. Hapo kabureta ya mwisho hupata kama ya kwanza. Visima vyote vitatu navyo havina budi kuwa na kipimo kimoja cha boya. Boya moja likiwa juu na jingine chini, hutapata amani katika injini hiyo hata ubadilishe plagi kila siku.

Singida mjini, penye upepo

Tumepita Manyoni, tumepita Ikungi, tunaingia Singida. Kutoka Dodoma ni kilomita zipatazo 240. Mji umekaa juu, kama mita 1,500, katikati ya majabali, pembeni mwa maziwa ya Singidani na Kindai. Wakati wa kiangazi upepo huvuma bila kuchoka, na vumbi huingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Mvua si nyingi hapa, mara nyingi milimita 600 au 700 kwa mwaka. Watu wa nchi hii, Wanyaturu na Wanyiramba na wenzao, wamezoea kutunza kila tone na kila punje.

Hapa motokaa iliyorekebishwa Dar es Salaam hutoa moshi mweusi na plagi zake huwa nyeusi kama chungu. Usiilaumu pampu. Hewa ya Singida ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kadiri ya sehemu moja katika saba. Hewa imepungua, lakini petroli haikupungua kwa kiasi hicho hicho, basi mchuzi umezidi ugali. Fundi hubadili jeti, kile kitundu kinachopima petroli, akaweka chenye tundu dogo zaidi, katika kabureta zote tatu sawa sawa.

Wako mafundi wasio na geji za bei kubwa wanaosawazisha pumzi ya kabureta tatu kwa kipande cha mpira tu. Ncha moja hutia sikioni, ncha ya pili huweka mdomoni mwa kila koo, akisikiliza sauti ya hewa inayovutwa. Koo linalopiga mluzi mkubwa linavuta kupita wenzake. Husogeza skrubu robo ya mzunguko, husikiliza tena, mpaka zote ziimbe sauti moja. Ni kazi ya uvumilivu. Lakini neno moja lisisahauliwe: petroli kwanza, pumzi baadaye. Ukisawazisha hewa huku kabureta ya mwisho ina njaa, utakuwa umesawazisha ugonjwa.

Sasa habari ya uchafu. Ukitaka kujua kuchuja, waangalie wakamuaji wa alizeti wa Singida. Mafuta yakitoka mashinani hayatiwi chupani papo hapo. Huachwa yatulie, machicha yazame, kisha huchujwa, ndipo yauzwe yakiwa yameng'aa kama asali changa. Petroli yataka heshima hiyo hiyo. Dumu lililowahi kutiwa maji ya kisima lina mchanga na matone chini yake. Usiku wa Juni na Julai ni baridi katika nyanda hizi, na pipa lililojazwa nusu hutoa jasho kwa ndani. Jasho hilo ni maji, nayo ni mazito kuliko petroli, huzama chini. Motokaa ikinywa kutoka chini ya pipa, hunywa maji kwanza.

Tone moja la maji katika kitundu cha jeti latosha kuinyamazisha silinda. Chembe moja ya mchanga chini ya sindano yatosha kuuacha mlango wazi na kukifurisha kisima. Kwa hiyo huwekwa machujio mawili: la kwanza lenye matundu makubwa kidogo kabla ya pampu, ili kuilinda pampu yenyewe, la pili jembamba baada ya pampu, ili kuzilinda kabureta. Usiweke chujio jembamba mno mbele ya pampu, kwa maana utailazimisha kuvuta kwa nguvu, na petroli inayovutwa kwa nguvu katika joto hugeuka mvuke. Ndipo utarudi katika ugonjwa wa Bahi ukiwa Singida.

Sekenke, penye hatari

Kutoka Singida tunaelekea magharibi, nchi ya Iramba. Barabara yapinda baina ya vilima, halafu kwa ghafula ardhi inaachia, na mbele yetu mbuga ya Wembere imelala kama mkeka mpaka upeo wa macho. Huu ndio mlima wa Sekenke. Madreva wa malori wanaujua, na wengi huuteremka kwa gia ndogo na kwa moyo wa kuomba. Zamani za Wajerumani palichimbwa dhahabu Sekenke. Katika Vita Kuu ya Kwanza, walipozingirwa na kukosa fedha, dhahabu ya hapa ilifuliwa sarafu zenye picha ya ndovu katika karakana ya reli kule Tabora, mwaka 1916.

Tutateremka hata Shelui, tugeuke, tupande. Kushuka kwajaribu breki. Kupanda kwajaribu kazi yote tuliyoifanya tangu Bahi: joto la mbuga, mkanyago wa mwisho, na kona zinazokirusha kisima cha petroli huku na huku. Motokaa ikiinama nyuma, petroli ndani ya kisima hukimbilia upande mmoja. Kisima kilichojaa kwa kipimo kilicho sawa hustahimili. Kilichojaa mno humwaga, na kilichopungua huacha jeti ikinyonya hewa.

Na hapa sina budi kusema neno la kifo. Petroli inayovuja haisamehe. Klipu iliyolegea, mpira wa zamani uliopasuka kwa jua, tone moja kwa dakika juu ya bomba la moshi lililo jekundu, motokaa huwaka, nao waliomo ndani wana muda mfupi mno. Tena pampu ya umeme haina akili. Motokaa ikipinduka na injini ikazimika, pampu huendelea kusukuma petroli juu ya majeruhi mpaka mtu akate umeme. Kwa hiyo motokaa ya namna hii lazima iwe na swichi inayokata pampu yenyewe wakati wa kishindo, pamoja na swichi ya mkono ambayo hata mtu wa nje aweza kuifikia. Na kizima moto kiwe karibu na kiti, si chini ya mizigo.

Barabara hii hii tunayoifuata huanzia pwani na kupita Morogoro. Huko Msamvu, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakakimbilia kuchota petroli iliyomwagika. Moto ukalipuka, na waliokufa walipita mia moja. Walikuwa baba wa watu, vijana wa pikipiki, wapita njia. Lita chache za bure! Mzazi unayesoma haya, wasomee watoto sentensi hizo, kisha uwaambie kwamba petroli inayotiririka njiani hukimbiwa, haikimbiliwi.

Kwa sababu hiyo, kabla hatujapanda Sekenke, fundi wetu huiwasha pampu injini ikiwa bado imezimwa. Huchukua tochi, wala si kibiriti, akapitia kila kiungo kwa kidole: tangi, chujio, pampu, chujio la pili, kidhibiti, midomo mitatu, bomba la kurudi. Kidole kikitoka kikavu kila mahali, ndipo hupandisha kichwa na kusema, "Haya, twende." Tukipanda, injini inaunguruma sauti moja tangu chini hata juu. Mtu aliye kando ya njia atasifu kabureta. Sisi tunajua kwamba sifa ni ya bomba, chujio na boya.

Kabureta moja

Sasa nakurudisha kijijini kwako. Ni saa saba ya usiku, mahali fulani Mkalama au Ikungi. Mama ameshikwa na uchungu na zahanati imesema apelekwe mbele, labda Makiungu, labda hospitali ya mkoa, labda Itigi ikiwa ni upande ule. Kijana wa pikipiki ameamshwa. "Shikamoo mama, usiogope, tutafika." Anapiga stata. Pikipiki inashika, inakwenda kilomita mbili, inakohoa katikati ya pori.

Pikipiki hiyo haina pampu. Tangi liko juu, petroli hushuka yenyewe kwa uzito wake, kama katika ule mti wetu. Kwa kuwa msukumo ni mdogo hivyo, uchafu kidogo tu unatosha kuuzuia. Na petroli yake imenunuliwa njiani katika chupa ya maji ya kunywa, iliyojazwa kutoka katika dumu, lililojazwa kutoka katika pipa. Kila chombo kimeongeza mchanga wake na jasho lake.

Basi ninyi mnaouza petroli kijijini, na ninyi vijana mnaobeba watu, shikeni haya machache. Dumu la petroli liwe la petroli tu, lisitiwe maji wala mafuta ya kula. Likae nje ya nyumba ya kulala, mbali na jiko na taa, mahali watoto wasipofika. Petroli iachwe itulie, na ile ya chini kabisa isimiminwe katika tangi. Faneli iwe na wavu mwembamba wa chuma. Chujio dogo la pikipiki bei yake ni ndogo sana kuliko jeti mpya, wala haifanani na uhai wa mtu. Mwezi ukipita, fungua skrubu iliyo chini ya kisima cha kabureta, injini ikiwa baridi, utoe maji na takataka katika kikopo. Pikipiki iliyolala miezi mingi imwagwe petroli yake ya zamani, kwa maana hugeuka gundi ndani ya vitundu. Na ukiona kabureta inafurika, usiipige kwa jiwe na kuendelea na safari. Chini ya sindano pana kitu, kitoe.

Motokaa ya kabureta tatu ni kitu cha wachache, na huenda usiipande maisha yako yote. Lakini kila aliyewahi kuifanya ipande Sekenke bila kukohoa amejifunza jambo ambalo mama wa nyumba yenye watoto wengi alilijua kabla yake: chakula kiwe safi, kiwe cha kutosha, kitolewe kwa upole, na aliye mwisho wa mkeka apate kama aliye mwanzo. Jioni hii, kabla giza halijaingia, kamwambie kijana wako wa pikipiki alifungue dumu lake na kulitazama chini.